Sura ya Nne: Amani kama Stadi – Vijana Balehe na Usuluhishi wa Migogoro Shuleni

Shule ya sekondari ya bweni ni mahali ambapo migogoro haiepukiki, kwa kuwa mamia ya vijana waliotoka katika familia, lugha, dini na hali za kipato zinazotofautiana hukusanywa pamoja, hugawana maji, vitanda, meza za kulia na muda wa walimu, na hufanya yote hayo katika umri ambao kila mmoja anatafuta kujua yeye ni nani na ana thamani gani mbele ya wenzake. Kwa hiyo, swali linalomhusu mlezi na mwalimu halihusu namna ya kuiondoa migogoro, bali linahusu njia ambazo vijana watakuwa nazo mkononi pale migogoro itakapozuka. Sura hii inalichunguza swali hilo kwa kuitazama zaidi Kenya, nchi ambayo shule zake zimepitia machungu makubwa na ambayo pia imefanya jitihada za wazi za kuifundisha amani. Hoja inayotetewa ni kwamba amani haiingii kwa kijana kwa njia ya mawaidha peke yake: huingia anapofundishwa stadi mahususi, anapoona wenzake wa rika wakizitumia, na shule yake inapomthibitishia kwa vitendo kwamba neno lililosemwa kwa utulivu hupata jibu.

Mgogoro, vurugu na aina mbili za amani

Mgogoro ni hali ya watu wawili au zaidi kuona kwamba mahitaji, malengo au imani zao zinagongana, na hali hiyo yenyewe si uovu. Mwanafunzi anayelalamika kwamba zamu za usafi zimepangwa kwa upendeleo yumo katika mgogoro, na lalamiko lake likisikilizwa huenda likazaa utaratibu ulio wa haki zaidi kwa wote. Vurugu ni jambo jingine, kwani ni njia mojawapo tu ya kuukabili mgogoro, na aghalabu hushika nafasi pale njia nyingine zinapokosekana au zinapoonekana hazileti faida. Kijana asiyefundishwa tofauti hii hubaki na machaguo mawili, yaani kupigana au kunyamaza, na mwalimu asiyeizingatia huwa mwepesi wa kuuhesabu ukimya wa wanafunzi kuwa ndiyo nidhamu.

Msomi wa Norway, Johan Galtung, katika makala aliyoichapisha mwaka 1969, alizitofautisha amani za aina mbili ambazo zimekuwa msingi wa taaluma ya amani tangu wakati huo. Amani hasi ni kutokuwepo kwa vurugu za wazi, yaani hakuna anayempiga mwenzake wala kumtishia, ilhali amani chanya ni kuwepo kwa mahusiano na mifumo ya haki inayowawezesha watu kuishi kwa heshima na kutimiza uwezo wao. Galtung alieleza pia dhana ya ukatili wa kimuundo, yaani madhara yanayowapata watu kutokana na jinsi jamii ilivyopangwa, hata pale ambapo hakuna mtu mmoja anayeweza kunyooshewa kidole. Shule inayoongeza urefu wa ukuta na idadi ya walinzi baada ya mgomo inaweza kuipata amani hasi kwa muhula mmoja au miwili, lakini kama bweni bado limejaa kupita kiasi na wanyonge bado wanaonewa na wakubwa wao, sababu zilizouzaa mgomo zitakuwa zimebaki pale pale.

Somo chungu la shule za Kenya

Historia ya shule za Kenya inaonyesha gharama ya kuwaacha vijana bila njia za kutatua migogoro. Mwezi Julai 1991, katika shule ya mchanganyiko ya Mtakatifu Kizito huko Meru, wavulana waliwavamia wasichana usiku bwenini wakati wa mgomo, wasichana 19 wakapoteza maisha na wengine wengi wakabakwa. Mwaka 1999, viranja wanne wa shule ya wavulana mjini Nyeri walichomwa moto na wanafunzi wenzao wakiwa wamelala. Mwezi Machi 2001, wavulana 67 waliangamia katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, wilayani Machakos, baada ya moto kuwashwa makusudi usiku, na mwaka 2016 wimbi jipya la uchomaji liliharibu mali katika zaidi ya shule 100 nchini humo. Matukio haya hayafanani yote kwa chanzo wala kwa uzito, na ukatili dhidi ya wasichana wa Mtakatifu Kizito hauwezi kuelezwa kuwa ni malalamiko ya wanafunzi yaliyokosa msikilizaji, kwa kuwa ulitokana pia na jinsi wavulana walivyokuwa wamelelewa kumtazama msichana. Hata hivyo, migomo mingi ya kawaida imehusishwa mara kwa mara na mambo yale yale: hofu ya mitihani, adhabu kali, chakula kibaya, mabweni yaliyofurika, viranja waliopewa mamlaka bila ridhaa ya wanaoongozwa, na kukosekana kwa njia ya kufikisha malalamiko bila kuadhibiwa.

Mwanaanthropolojia Elizabeth Cooper, aliyeuchunguza uchomaji wa shule nchini Kenya na kuchapisha makala yake mwaka 2014, alitoa maelezo yanayostahili kufikiriwa na kila mwalimu. Kwa maoni yake, wanafunzi hao hawatendi kwa wazimu wa ghafla, bali wanatumia mbinu ambayo wamejifunza kwa kuitazama siasa ya watu wazima, ambamo uharibifu mara nyingi ndio unaoyafanya madai ya wanyonge yasikike. Maelezo haya hayamwondolei hatia aliyewasha kiberiti. Yanachofanya ni kuonyesha kwamba vurugu nazo ni somo, kwamba lina walimu wake, na kwamba anayetaka kuling'oa sharti aweke somo jingine mahali pake.

Ukweli huo ulidhihirika kwa taifa zima baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wakati ambapo watu 1,133 waliuawa kwa mujibu wa Tume ya Waki iliyoyachunguza machafuko ya kipindi hicho, mamia ya maelfu wakahama makwao, na vijana wakawa mstari wa mbele, wengine wakiwa washambuliaji na wengine wakiwa waathirika.

Kutoka kambi za wakimbizi hadi madarasa ya taifa

Elimu ya amani haikuanza nchini Kenya baada ya machafuko hayo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha programu ya elimu ya amani katika kambi za Dadaab na Kakuma, kaskazini mwa nchi, ambako watu waliokimbia vita vya Somalia na Sudan waliishi jirani kwa jirani na watu ambao pengine ndugu zao walikuwa upande wa pili wa vita hivyo. Wanafunzi wa kambini walipata kipindi cha kila wiki, na vijana pamoja na watu wazima waliokuwa nje ya shule wakapata warsha zao. Mada zilipangwa kwa ngazi, zikianza na kufanana na kutofautiana kwa watu, zikaendelea na kuaminiana, kusikiliza, kuzitambua hisia, kuung'amua upendeleo na kushirikiana, na zikafikia mapatano, usuluhishi na maridhiano.

Mpangilio huo una mantiki ya kimafunzo. Kijana ambaye hajazoea kumsikiliza mwenzake hadi mwisho hawezi kuwa msuluhishi, na asiyeweza kuitaja hasira yake kwa jina hawezi kuizuia. Mwaka 2008, Wizara ya Elimu ya Kenya, ikisaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa, ilianza kuipeleka elimu ya amani katika shule za taifa na kutumia uzoefu uliotokana na kambi hizo, na mwaka 2014 ikatolewa sera ya sekta ya elimu kuhusu elimu ya amani. Mtaala wa umilisi ulioanza kutumika kote nchini mwaka 2019 nao unaitaja amani miongoni mwa maadili yake ya msingi. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba wakimbizi, ambao kwa kawaida husemwa kuwa ni wapokeaji wa misaada, walikuwa wametangulia kujifunza kile ambacho taifa lililowapokea lilikuja kukihitaji.

Stadi zenyewe

Stadi ya kwanza ni usikivu makini, yaani kumsikiliza mtu kwa lengo la kuelewa, si kwa lengo la kutafuta mwanya wa kumjibu. Zoezi lake ni jepesi kulieleza na gumu kulitekeleza: wanafunzi wawili wenye maoni yanayopingana hukaa pamoja, na hakuna anayeruhusiwa kutoa hoja yake kabla hajairudia hoja ya mwenzake kwa maneno ambayo mwenzake atayakubali kuwa ndiyo aliyoyakusudia. Stadi ya pili ni kusema jambo bila kushambulia utu wa mtu, ambapo kijana hufundishwa kutaja tendo, athari yake na ombi lake. Anayesema, "Ulipochukua ndoo yangu nilikosa maji ya kuoga nikachelewa darasani, naomba uniulize kwanza," amefungua mlango wa mazungumzo, ilhali anayesema, "Wewe ni mwizi," ameufunga.

Stadi ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha utatuzi wa migogoro, ni kutofautisha msimamo na hitaji. Msimamo ni kile mtu anachotamka kwamba anakitaka, na hitaji ni sababu inayomfanya akitake. Roger Fisher na William Ury wa Marekani waliieleza tofauti hii katika kitabu chao cha mwaka 1981 kuhusu majadiliano, wakionyesha kwamba misimamo miwili inayopingana kabisa inaweza kuwa na mahitaji yanayopatanishika nyuma yake. Wanafunzi wa Afrika Mashariki wana mfano ulio karibu nao. Mapema mwaka 2008, pande mbili zilizokuwa zikizozana nchini Kenya kila moja ilishikilia kuwa ndiyo iliyoshinda uchaguzi, na kwa kiwango hicho hapakuwa na la kugawana. Jopo la upatanishi lililoongozwa na Kofi Annan liliyaelekeza mazungumzo kwenye namna ya kugawana madaraka, na tarehe 28 Februari viongozi wa pande hizo, Mwai Kibaki na Raila Odinga, wakatia saini makubaliano yaliyounda wadhifa wa waziri mkuu. Mazungumzo hayo yaliweka pia ajenda ya masuala ya muda mrefu, yakiwemo ardhi, umaskini, ukosefu wa usawa na ajira za vijana, jambo linalompa mwalimu nafasi ya kuwauliza wanafunzi wake ni sehemu gani ya makubaliano iliyolenga amani hasi, ni ipi iliyolenga amani chanya, na ipi kati ya hizo ilitekelezwa kwa haraka zaidi.

Stadi ya nne ni usuluhishi, yaani kitendo cha mtu wa tatu asiyeegemea upande wowote kuwasaidia wanaogombana kuipata suluhu yao wenyewe. Msuluhishi hatofautiani na hakimu kwa upole wake, bali kwa mamlaka yake, kwa kuwa hakimu huamua na msuluhishi haamui. Inafaa kuzifuata hatua zake kwa mfano wa kubuni. Chukulia kwamba Juma na Baraka, wanafunzi wa kidato cha pili, wamepigana bwenini kwa sababu ya maji, na sasa Juma anadai Baraka ahamishwe bweni, naye Baraka anataka Juma amwombe radhi mbele ya wote. Msuluhishi, ambaye ni mwanafunzi aliyefunzwa, huanza kwa kupata ridhaa ya wote wawili na kueleza masharti ya kikao: kila mtu atasema bila kukatizwa, hakuna matusi, na yatakayosemwa hayatatolewa nje isipokuwa kama kuna hatari kwa mtu. Kisha kila mmoja husimulia, na msuluhishi huyarudia aliyoyasikia. Kwa maswali ya "kwa nini jambo hili ni muhimu kwako?" hubainika kwamba Juma anahitaji uhakika wa maji kabla ya kipindi cha alfajiri, na kwamba kilichomuumiza Baraka ni kuitwa mwizi mbele ya bweni zima. Baada ya hapo wote hutaja njia nyingi kadiri wawezavyo bila kuzihukumu, huchagua zinazotekelezeka, na huandika makubaliano yanayotaja nani atafanya nini na lini. Hatua ya mwisho, ambayo mara nyingi husahaulika, ni kukutana tena baada ya siku chache ili kuona kama makubaliano yanashikwa.

Stadi hizi hujifunzwa kama useremala unavyojifunzwa, yaani kwa mikono, kwa kurudia na kwa kusahihishwa, na ndiyo maana igizo dhima, ambapo wanafunzi huigiza mgogoro na kubadilishana nafasi za wahusika, lina manufaa kuliko insha kumi kuhusu faida za amani. David Johnson na Roger Johnson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, waliotunga mojawapo ya programu za mwanzo za wanafunzi wasuluhishi, walisisitiza kwamba mafunzo yatolewe kwa wanafunzi wote na kwamba kazi ya usuluhishi ipokezanwe kwa zamu, ili stadi isigeuke kuwa cheo cha wachache waliokwisha kupendwa na walimu.

Nguvu ya rika

Sababu ya kuwategemea vijana wenyewe inatokana na maumbile ya umri wao. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupima matokeo na kuzuia misukumo, huendelea kukomaa hadi katika miaka ya 20, ilhali mifumo ya hisia na ya kutafuta sifa huwa imekwisha kuchangamka mapema. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005, Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu wa umri mbalimbali mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wakaona kwamba vijana wa miaka 13 hadi 16 waliongeza sana kuthubutu hatari walipotazamwa na wenzao, wakati watu wazima hawakubadilika hivyo. Ugomvi wa vijana wawili waliozungukwa na duara la washangiliaji si ugomvi wa wawili tena, kwa kuwa kila mmoja ana hadhira ambayo hataki kuonekana mnyonge mbele yake. Kutokana na hili, kikao cha usuluhishi hufanyika faraghani, baada ya hasira kupoa.

Hata hivyo, nguvu hiyo hiyo ya rika inaweza kuelekezwa upande wa pili. Betsy Levy Paluck na wenzake walifanya utafiti katika shule 56 za jimbo la New Jersey, Marekani, katika mwaka wa masomo wa 2012 hadi 2013, ambapo katika baadhi ya shule kikundi kidogo cha wanafunzi kilisaidiwa kubuni na kuongoza kampeni ya kupinga ugomvi na uonevu. Visa vya ugomvi vilivyoandikwa na shule vilipungua kwa takribani asilimia 30, na mafanikio yalikuwa makubwa zaidi pale kikundi kilipowajumuisha wanafunzi wenye mahusiano mengi na wenzao. Haikuwa lazima wanafunzi hao wawe ndio wenye maksi za juu au nidhamu ya kupigiwa mfano, bali walikuwa wale ambao wengine huwatazama ili kujua mambo yanakwendaje.

Paluck alikuwa ameliona jambo la jinsi hiyo nchini Rwanda. Mwaka 2004 ilianza kurushwa tamthilia ya redio iitwayo Musekeweya, inayohusu vijiji viwili vinavyozozana, na utafiti wake uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wasikilizaji hawakubadilika sana katika imani zao binafsi, lakini walibadilika katika kuelewa jinsi wenzao wanavyotarajiwa kutenda, na mwenendo wao nao ukabadilika, ikiwemo kuthubutu kutoa maoni tofauti mbele ya wengine. Kwa mwalimu, fundisho lake ni kwamba si lazima kusubiri hadi kila kijana abadilike moyoni. Kijana akiona kwamba watu wa rika lake huamulia ugomvi badala ya kuushangilia, ataanza kufanya hivyo kwa sababu ndivyo watu wa kwao wafanyavyo.

Methali isemayo kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune, inamtahadharisha mtu dhidi ya kuchochea ugomvi usiomhusu, na tahadhari hiyo ni ya busara. Lakini kuna kuingilia kwa aina nyingine, kunakohitaji ujasiri na mafunzo. Wanawake wa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, waliuonyesha mapema miaka ya 1990, pale koo zao zilipokuwa zikiuana. Wakiongozwa na watu kama Dekha Ibrahim Abdi, ambaye mwaka 2007 alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood, walianza kwa kuhakikisha kwamba mwanamke wa ukoo wowote anaweza kuuza na kununua sokoni bila kubughudhiwa, kisha wakawashawishi wazee na kuwashirikisha vijana, na mwaka 1993 wazee wa koo wakafikia Azimio la Al-Fatah la kusitisha uhasama.

Mipaka ya usuluhishi na wajibu wa shule

Ipo migogoro isiyopaswa kupelekwa mbele ya msuluhishi kijana. Ubakaji, unyanyasaji wa kingono, matumizi ya silaha na uonevu wa kudumu wa mwenye nguvu dhidi ya mnyonge si mambo ya kutafutiwa mapatano kati ya pande zilizo sawa, kwa kuwa pande hizo haziko sawa, na kumtaka aliyedhulumiwa akae meza moja na aliyemdhulumu ili "wayamalize" ni kumdhulumu mara ya pili. Wasuluhishi vijana sharti wafundishwe kuvitambua visa vya namna hiyo na kuvifikisha mara moja kwa mwalimu wa ushauri nasaha, kwa mzazi na kwa vyombo vya sheria.

Mpaka wa pili unahusu shule yenyewe. Kijana aliyefundishwa asubuhi kwamba mazungumzo ndiyo njia, kisha jioni akaadhibiwa kwa kuuliza kwa adabu kuhusu chakula, amefundishwa masomo mawili, na la pili ndilo litakalobaki. Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001, na kuanzia mwaka 2009 ilianza kuhimiza mabaraza ya wanafunzi ambayo viongozi wake huchaguliwa na wanafunzi badala ya kuteuliwa na walimu. Hatua hizi mbili zina uzito katika elimu ya amani kuliko bango lolote la ukutani, lakini zinategemea jinsi zinavyotekelezwa. Baraza lenye manufaa hukutana kwa ratiba inayojulikana, huandika malalamiko, hupewa jibu la uongozi kwa muda uliotajwa, na huelezwa sababu pale ombi linapokataliwa. Jibu la "hapana" lenye sababu humheshimu kijana, ilhali ukimya humfundisha kutafuta sauti iliyo kubwa zaidi. Mwalimu naye ni sehemu ya somo, kwa maana wanafunzi humtazama anavyozungumza na mwenzake wa ofisini na anavyokiri anapokosea darasani, na hayo hawayaandiki daftarini lakini huyashika.

Kwa sababu hiyo, mafanikio ya elimu ya amani hayapimwi kwa idadi ya migogoro iliyokosekana, kwani shule isiyosikika ikigombana huenda ikawa ni shule yenye hofu. Yanapimwa kwa maswali yanayoweza kujibiwa na mkuu wa shule yeyote: ni wanafunzi wangapi wanajua pa kupeleka lalamiko, ni malalamiko mangapi yaliyojibiwa muhula uliopita, ni ugomvi upi uliosuluhishwa na wanafunzi wenyewe kabla haujafika ofisini, na ni nani kati ya walio wanyonge zaidi shuleni anayesema kwamba analala bila hofu. Shule inayoweza kuyajibu maswali haya kwa ukweli, na kuyarekebisha yale ambayo majibu yake yanaumiza, inawapa vijana ushahidi wa kila siku kwamba haki inaweza kudaiwa bila moto, na kijana aliyeuona ushahidi huo kwa miaka minne ana sababu ya kuudai pia katika kijiji chake, katika kazi yake na katika taifa lake.